Doti moja ni damu kiasi gani?

Kwenye kadi nilikuwa nimeshaandika: damu, mililita 200. Wakunga wenzangu mnaijua namba hiyo. Kondo la nyuma likitoka lenyewe, mtoto akilia, mama akiomba chai, tunaandika 200 bila hata kuangalia kitandani.

Ilikuwa saa tisa usiku, kwenye zahanati moja huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mwaka wangu wa pili tangu nitoke chuo. Zamu nilikuwa peke yangu. Bibi wa yule mzazi alikuwa amelala chini kwenye mkeka. Akanyanyuka kumbadilisha mjukuu wake nguo, akasita. "Nesi, mwanangu, hizi kanga mbona zimekuwa nzito?"

Doti nzima, vipande vyote viwili, ilikuwa inachuruzika.

Baadaye sana nilisoma kwamba huko Kigoma watafiti waliwahi kuwafundisha wakunga wa jadi kipimo hicho hicho: kanga mbili zikilowa chepechepe, mama ameshapoteza kama nusu lita, asisubiriwe tena. Mililita 500 ndicho kiwango tulichofundishwa kukiita damu nyingi baada ya kujifungua. Yule bibi hakuwahi kukaa semina hata moja. Alizipima kwa mkono.

Jicho linadanganya, tena linadanganya upande mmoja: damu inavyozidi kuwa nyingi ndivyo tunavyoikadiria chini. Nyingine inanyonywa na godoro, nyingine iko kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi, na ile inayochirizika kidogo kidogo hakuna anayeihesabu. Presha nayo usiitegemee. Mwanamke kijana aliyetoka kujifungua ana akiba ya damu ya ujauzito. Mwili unabana mishipa, moyo unaongeza kasi, mashine inakusomea 110 kwa 70 huku lita nzima imeshaondoka, halafu inaporomoka ghafla. Wanafunzi wanaokuja leba nawaambia washike kiganja kwanza, wahesabu mapigo, mashine ije baadaye. Na waangalie kadi kujua alikuja na damu kiasi gani. Huku malaria haijaisha, na miezi ya mvua kabla mazao mapya hayajaiva chakula ni cha kubangaiza, kwa hiyo wapo wanaofika na wingi wa damu (himoglobini) wa gramu 7 tu. Kwa huyo hata mililita 300 ni msiba.

Mimba ikikomaa, kama nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo likishabanduka, kinachofunga ile mishipa ni misuli ya mji kujikaza. Ndiyo kazi ya sindano ya oksitosini, uniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Nilikuwa nimemchoma. Ila zile chupa zilikaa kabatini sijui tangu lini. Friji ilikuwepo, ya chanjo, na nilishaonywa nisiweke humo kitu kingine chochote. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, na yangu ilikuwa chini ya bati, mwezi wa kumi na moja. Ikiharibika kwa joto haibadiliki rangi. Unachoma ukiamini umekinga. (Hili la friji bado linaniudhi. Oksitosini na chanjo vinataka baridi ile ile, na boksi la chupa 10 halizidi kiganja.) Naamini kilichomwokoa ni vidonge vinne vya misoprostoli chini ya ulimi, ambavyo havihitaji friji, na mkono wangu uliochua tumbo lake mpaka ukafa ganzi.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Mama aliwekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia. Damu ikifika kwenye mstari, mambo yote yanaanza kwa pamoja: kuchua mji, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuendelea kutoka), dripu, kutafuta kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Hakuna kujaribu kimoja ukasubiri uone. Kutoka damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe tulikuwa tunazijua. Kilichokuwa kinatuchelewesha ni kutojua saa ya kuanza.

Mifuko hiyo kwenye zahanati nyingi bado ni ndoto, lakini mizani tunayo. Gramu moja ya damu ni kama mililita moja. Pima kanga kavu, andika. Mtoto akitoka ondoa nguo iliyolowa maji ya uzazi, tandika ile uliyoipima. Ukiitoa itie kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye mizani ya watoto, toa uzito wa kwanza. Hazizidi dakika mbili.

Nasisitiza hili kwa sababu kina mama wanakuja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 81 ya uzazi unafanyika vituoni, kutoka 63 ya 2015/16, na vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000. Wanatumia chigonela zetu, nyumba za wajawazito karibu na kituo, kusubiri siku zao, na usafiri wa dharura wa m-mama unaitwa kwa 115 bila salio. Wakishaingia mlangoni, kinachobaki ni chetu sisi.

Usiku ule 115 haikuwepo. Tulisubiri mjomba wake aamshwe, maana kwenye familia nyingi za Kimakonde mjomba ndiye mwenye neno, naye akaenda kumgongea mnunuzi wa korosho mwenye pikapu. Walipokuwa wanampakia nilichukua kadi nikafuta ile 200. Sikujua niandike ngapi. Nikaandika: doti moja.

Saa mbili asubuhi daktari aliyempokea akanipigia. Mama anaendelea vizuri, ameongezewa chupa mbili za damu. Halafu akaniuliza, doti moja ndiyo ngapi?