Kibao chenye vitone si lazima kiwe kibao cha nukta nundu

Kibao cha mguso ni kibao cha jengo kinachosomeka kwa ncha ya kidole. Juu kina herufi za kawaida zilizoinuka, na chini yake maneno yaleyale yameandikwa kwa nukta nundu, ambazo wengi tunaziita breli. Maana yake ni hiyo. Tatizo ni kwamba jina "kibao cha breli" limezoeleka kupewa vitu ambavyo kidole hakiwezi kuvisoma kabisa.

Mteja anaingia kwa fundi wa mabango, anaagiza kibao cha MAPOKEZI, anaongeza: "Weka na breli." Fundi anapakua fonti ya vitone, anaichapa kwenye stika ya vinaili, anabandika. Kwa macho kimependeza. Kwa asiyeona, pale pana plastiki laini na hakuna neno lolote. Stika ya kawaida haifiki hata milimita 0.2 kwa unene, kwa hiyo hata ukizikata nukta zenyewe kutoka kwenye stika, bado hujapata maandishi.

Upande wa pili wapo wanaoziita breli herufi zozote zilizoinuka. Hivi ni vitu viwili, na historia yake inaonyesha kwa nini. Mwishoni mwa karne ya 18, Valentin Haüy aliwafundisha wanafunzi wasioona mjini Paris kwa vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Zilisomeka, lakini polepole mno, kwa sababu kidole kinalazimika kufuata mistari ya herufi inayofuatwa na jicho. Baadaye Charles Barbier akabuni maandishi ya nukta, alama moja ikiwa na nafasi 12, safu mbili za nukta sita sita. Alama hiyo ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole. Louis Braille, aliyekuwa haoni mwenyewe, akaipunguza hadi nukta sita na kuchapisha mfumo wake mwaka 1829. Nukta sita hukaa chini ya kidole kimoja bila kidole kupanda wala kushuka.

Hapo ndipo panaposahaulika: kipimo cha nukta nundu kinatokana na kidole cha binadamu, na kidole hakikui kwa sababu kibao ni kikubwa. Anayevuta vitone kwenye kompyuta ili vilingane na herufi za sentimita kumi ameshaharibu maandishi. Kiwango cha Marekani cha mwaka 2010, ambacho watengenezaji wengi hukifuata, kinataka nukta yenye kitako cha milimita 1.5 hadi 1.6 na kimo cha 0.6 hadi 0.9. Kutoka nukta hadi nukta ndani ya alama moja ni 2.3 hadi 2.5, na kutoka alama hadi alama ni 6.1 hadi 7.6. Umbo lazima liwe la kuba, si lenye kichwa bapa. Herufi zilizoinuka ziwe kubwa zote, zisizo na vikia (vijimkia vya mapambo kwenye ncha za herufi), zenye urefu wa milimita 16 hadi 51, na ziinuke angalau 0.8.

Kwa nini basi herufi zisiondolewe zibaki nukta peke yake? Kwa sababu wapo waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani, kwa kisukari au presha ya macho, ambao hawakuwahi kujifunza nukta nundu lakini umbo la M au W wanalijua tangu darasa la kwanza. Kitabu kizima cha herufi zilizoinuka ni mateso, ila neno moja mlangoni linasomeka.

Sasa utengenezaji, maana njia unayoichagua ndiyo inayoamua kama kuba itapatikana. Leza, iliyoenea karakana nyingi, inachimba na kukata, haiinui. Ukichonga herufi kwa kuzizamisha, kidole hakipati ukingo wa kufuata, na baada ya muda mitaro inajaa vumbi na poda ya kusafishia. Ukiiamuru leza ichimbe usuli wote ili nukta zibaki juu, zitabaki na vichwa bapa na kingo kali. Chuma kinacholiwa kwa tindikali kina kasoro hiyohiyo. Leza inafaa kwa kazi moja: kukata herufi kutoka kwenye bapa la milimita 0.8 au zaidi, kisha zikabandikwa. Safisha pande zote mbili kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo pembe zitaanza kunyanyuka na watu watazibandua kwa kucha.

Kwa nukta, karakana yenye mashine ndogo ya CNC, yaani inayochonga na kutoboa kwa kuongozwa na kompyuta, iko karibu na suluhisho kuliko inavyodhani. Mashine inatoboa matundu membamba kidogo kuliko gololi ya akriliki (plastiki ngumu) au stenlesi ya milimita 1.6, kisha gololi inasukumwa kwa kifaa kama kalamu mpaka nusu yake izame. Nusu inayobaki ni kuba ya 0.8, laini, bila kupigwa msasa. Keekee ikiwa butu inapasha akriliki joto, tundu linapanuka na gololi zinadondoka. Tundu likibana mno, gololi haizami sawasawa au bapa linapasuka. Jaribu matundu kwenye kipande cha bapa lilelile kwanza. Na ikidondoka moja, irudishwe siku hiyohiyo: b ikipoteza nukta yake ya chini inakuwa a. Rangi ipakwe kabla ya gololi, kamwe si baada, kwa kuwa rangi nzito hujaza mapengo.

Bapa la fotopolima, plastiki inayoganda kwa mwanga, hutoa herufi na nukta kwa mkupuo mmoja. Filamu inawekwa juu, mwanga wa urujuanimno unagandisha sehemu zinazotakiwa, sehemu nyingine zinaoshwa kwa maji na brashi. Mwanga ukipungua, nukta zinang'oka wakati wa kuosha. Ukizidi, mapengo yanazibika. Ni kazi safi sana kwa ndani ya jengo, lakini mashine zake ni ghali na bapa halipendi mvua. Mashine za kuchapa wino unaokaushwa kwa mwanga huohuo hujenga nukta tabaka kwa tabaka. Bila dawa ya kushikisha kwenye akriliki inayong'aa, kucha inazikwangua. Uchapaji wa 3D unakubalika kwa majaribio: simamisha kibao kinapochapwa, kikilala kuba inatoka na ngazi. Plastiki ya PLA hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, usiipeleke juani.

Nje, kwa jua la Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hudumu kuliko vyote. Kiwekwe chini ya upenu. Shaba iliyochomwa na jua la mchana haigusiki.

Kazi nzuri bado inaweza kuharibiwa na maandishi yenyewe. Katika nukta nundu tarakimu 1 hadi 0 hutumia alama za a hadi j, zikitanguliwa na alama ya namba. Ukiisahau, chumba 12 kinasomeka "chumba ab". Programu ikiachwa kwenye Kiingereza kilichofupishwa, "ar" ya DAKTARI inageuzwa alama moja ya Kiingereza. Agiza Kiswahili, herufi kwa herufi. Tumia pia uso usiong'aa wenye rangi zinazotofautiana waziwazi, kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Akriliki ya dhahabu inayopendwa na hoteli inawanyima hao neno lote.

Kibao kikae ukutani upande wa kitasa, si kwenye mlango unaoweza kumgonga msomaji usoni, na maandishi yawe kati ya milimita 1,220 na 1,525 kutoka sakafuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja vibao vya nukta nundu kwenye majengo ya umma katika ibara ya 9.

Kwa hiyo unapoagiza, acha "weka na breli". Andika kwenye oda: herufi zilizoinuka angalau milimita 0.8, nukta za kuba zenye kimo cha milimita 0.6 hadi 0.9, Kiswahili kisichofupishwa. Kabla ya kulipa, mpe kibao msomaji wa nukta nundu akisome bila kuambiwa kimeandikwa nini.