Kabla meli haijabeba abiria, lazima iinamishwe kwanza

Mtu akijua kazi yangu ni mambo ya stebiliti ya meli, yaani uwezo wake wa kujirudisha wima ikiinama, swali la kwanza huwa lilelile, hivi mnajuaje kwamba hii haitapinduka? Wengi wanadhani aliyeichora keshapiga hesabu zote ofisini kwahiyo kazi imeisha. Hesabu za ofisini zipo na ni nyingi, ila kuna namba moja ambayo kompyuta haikupi kwa uhakika hata uwe na programu ya bei gani, nayo ni kitovu cha uzito cha meli yenyewe kiko juu kiasi gani kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa wa meli. Welda kaongeza bati hapa, fundi umeme kapitisha nyaya kule, injini imekuja nzito kuliko ilivyoandikwa, rangi imepigwa mara tatu badala ya mbili, ukijumlisha ni tani kadhaa na hamna anayejua zimekaa juu au chini. Dawa yake ni moja, meli ikishaelea unaiinamisha makusudi alafu unapima inavyogoma.

Meli ikiwa majini kuna nguvu mbili, uzito wake unaivuta chini kupitia kitovu cha uzito, na maji yanaisukuma juu kupitia katikati ya ile sehemu iliyozama. Ikiinama kidogo upande mmoja unazama zaidi, kwahiyo msukumo wa maji nao unahamia upande huo. Sasa ukichora mstari wima kutoka pale msukumo ulipohamia, utakuja kuukata mstari wa katikati ya meli mahali fulani juu, na hapo ndo tunapaita metasenta, hesabu ambayo Mfaransa Pierre Bouguer aliichapisha mwaka 1746. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta meli inajirudisha yenyewe, kikipanda juu yake haina tena kinachoirudisha. Umbali kati ya pointi hizo mbili tunauita GM, na kanuni za IMO, shirika la kimataifa la mambo ya meli, zinataka usipungue sentimita 15. Ndo hivo, uhai wa mamia ya watu unapimwa kwa rula ya mwanafunzi.

Jaribio lenyewe tunapenda lianze alfajiri, upepo haujaamka na maji yametulia. Kamba za gatini zinalegezwa kabisa, maana kamba iliyokaza inaishika meli na kukupa jibu zuri la uongo. Matanki yote ama yamejaa mpaka juu ama ni makavu, nusunusu hatutaki. Wasio na kazi wanashuka wote, wanaobaki kila mtu anapewa pake pa kusimama na hatoki, hamna habari ya kwenda kuchukua simu. Alafu mtu anazunguka na kiboti kusoma drafti, yaani meli imezama kina gani, omo (mbele), katikati na tezi (nyuma), pande zote mbili, na tunachota maji tuyapime, kwa sababu mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo kama 1,025 na ya ziwani ni 1,000, kwahiyo meli ileile ziwani inazama zaidi kidogo.

Baada ya hapo ndo inakuja timazi, ileile ya fundi ujenzi ila ndefu, mita tatu nne hivi, waya mwembamba unaning'inia toka juu mpaka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya meli, na mwishoni kuna chuma kizito chenye mapezi kimezamishwa kwenye ndoo ya oili ili kisichezecheze. Tunafunga tatu sehemu tofauti za meli. Mbele ya waya kuna ubao umepigiliwa karatasi na mtu amechuchumaa na penseli. Huko juu kwenye deki kreni inahamisha mawe ya chuma yaliyopimwa kwenye mizani, kutoka kulia kwenda kushoto, na yule wa chini anaona waya unaanza kutambaa juu ya karatasi, unapita, unarudi kidogo, unatulia, anaweka alama. Ukisimama pale juu huhisi chochote kwa sababu meli imeinama digrii mbili tu, lakini waya umesogea zaidi ya upana wa kiganja. Tunahamisha mara nane, kulia na kushoto, na kila mara tunaweka nukta kwenye grafu. Nukta zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mimi hapo ndo huwa natulia sana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mstari ukipinda kuna kitu kimefichika, labda kamba imekaza, labda meli imegusa matope chini, labda kuna tanki tumeambiwa kavu na lina maji. Mpaka kipatikane hatuendelei, hata mwenye meli anune vipi.

Tuchukue mfano wa meli ya tani 500. Tumehamisha tani 2 kwa umbali wa mita 6, timazi ya mita 4 ikasogea sentimita 16. 16 gawanya kwa 400 ni 0.04. Sasa 2 mara 6 ni 12, gawanya kwa 500 mara 0.04 yaani 20, unapata 0.6. GM ya siku hiyo ni sentimita 60, na kwa kuwa umbo la meli linajulikana unajua metasenta iko wapi, basi unarudi chini kutoka hapo na kitovu cha uzito umekipata.

Weka sasa watu, maana watu ni mzigo unaotembea. Kwenye hesabu kila abiria tunamhesabia kilo 75, kwahiyo abiria 200 ni tani 15. Wakikimbilia upande mmoja, tuseme kila mtu kasogea mita 3, meli hii (tani 500 ni pamoja na wao) inalala kama digrii 8 na nusu. Kanuni inasema isizidi 10, imepita. Lakini GM ikiwa imeshashuka mpaka sentimita 30, watu walewale na mwendo uleule unakupa karibu digrii 17, na kwenye digrii 17 hakuna anayebaki amesimama alipo, mizigo nayo inaanza kuteleza kuwafuata, na hapo inazidi kulala.

Ndo maana MV Nyerere inaniuma mpaka leo. Septemba 20, 2018, kivuko cha abiria 101 kimebeba zaidi ya 260 na mizigo juu, kimebakiza kidogo tu kufika gati ya kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na taarifa za wakati ule zilisema watu walianza kusogea upande mmoja wajiandae kushuka. Walikufa 228. Watu wanauliza kwanini kizame karibu na nchi kavu wakati ziwa lilikuwa limetulia, na mimi naona pale karibu ndo penye hatari zaidi, kwa sababu ndo wakati kila mtu ananyanyuka, anabeba mzigo wake na kuelekea upande uleule. MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, nayo uwezo wake ulikuwa abiria 430 na ilibeba wengi kupita hapo. Idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti inatokana na hesabu hizi, ikivukwa karatasi yote ya stebiliti inakuwa haihusu tena kile chombo kinachoondoka gatini.

Kitu kingine ni kuongeza vyumba juu. Mwenye meli anaona deki ya juu iko wazi, anaweka kantini, VIP, bati la kivuli. Tani 10 zikikaa mita 6 juu ya kitovu cha uzito cha meli yetu zinakula sentimita 12 kati ya zile 60. Feri ya Sewol ya Korea Kusini ilinunuliwa mtumba kutoka Japani ikaongezewa vyumba juu, alafu ili ipakie mzigo zaidi wakapunguza maji ya balasti, yale yanayowekwa chini kuipa meli uzito, na mzigo wenyewe haukufungwa vizuri. Aprili 16, 2014 ilipokata kona kali mzigo ukahama, wakafa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari.

Na maji yaliyo huru ndani ya meli, haya nayasema sana kwa mabaharia. Chukua tanki la urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 likiwa nusu, kwenye meli yetu ya tani 500 linakula karibu sentimita 29 za GM, yaani nusu nzima, kwa sababu kila meli ikiinama maji yanakimbilia upande uleule. Ukiweka ukuta katikati ya tanki hasara inashuka mpaka robo, sentimita 7 hivi. Deki ya magari haina ukuta. Feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 6, 1987 mlango wa omo ukiwa wazi, maji yakaingia kwenye deki ya magari, ikalala ubavu ndani ya dakika moja na nusu hivi na wakafa 193.

Ila GM peke yake haitoshi, inakuambia habari za digrii chache za mwanzo tu. Manowari ya Uingereza, HMS Captain, iliinamishwa Julai 1870 na GM yake haikuwa mbaya, lakini ubavu wake juu ya maji ulikuwa mfupi, kama mita 2, kwahiyo ikilala kidogo tu deki inazama na nguvu ya kurudi inaanza kupungua. Usiku wa kuamkia Septemba 7 mwaka huohuo ilipinduka kwenye dhoruba wakafa watu zaidi ya 470. Ndo sababu siku hizi tunachora mkunjo mzima wa nguvu ya kurudi, na kanuni inataka kilele chake kisije kabla ya digrii 25.

Meli za abiria za kimataifa zinapimwa tena uzito mtupu angalau kila miaka 5, na uzito ukikutwa umebadilika zaidi ya asilimia 2 jaribio linarudiwa. Ila nahodha ana kipimo chake cha kila siku, saa ya mkononi. Hesabu muda wa meli kuyumba kwenda na kurudi mara moja. Meli yetu kama ina upana wa mita 9 na GM ya sentimita 60 itatumia sekunde 9 hivi, GM ikishuka mpaka 30 itatumia sekunde 13. Abiria wanaipenda hiyo ya sekunde 13, inabembea taratibu, hakuna anayetapika. Nahodha akiona meli yake imeanza kuwa mpole hivo ghafla, atume mtu akachungulie ngama na matanki saa hiyohiyo, na walioko deki ya juu aanze kuwashusha chini wachachewachache, bila kukimbizana.