Bati nene halipunguzi joto la nyumba

Desemba inapokaribia na Dar es Salaam kuanza kuchemka, wanaojenga hutuuliza sisi wahandisi wa joto swali lilelile: ninunue bati la geji 28, lililo nene zaidi, badala ya geji 30 ili nyumba isiwe ya moto? Kama unataka bati lisilobonyea fundi akilikanyaga, nunua. Kwa joto, umetupa fedha.

Kila kitu kina kipimo chake cha kupitisha joto, kinachohesabiwa kwa wati kwa mita kwa nyuzi moja. Shaba inakaribia 400, aluminiamu safi 237, chuma cha bati kama 50. Zege iko kati ya 1 na 2, mbao kavu 0.1 hadi 0.2, na hewa iliyotulia 0.026 tu. Metali zinaongoza kwa sababu ndani yake elektroni nyingi huzunguka huru. Hizohizo zinazobeba umeme ndizo zinazobeba joto. Stenlesi stili imechanganywa na kromi na nikeli, ambazo huvuruga mwendo wa elektroni, hivyo inashuka hadi kama 15. Ndiyo maana mpini wa stili wakati mwingine unashikika, ilhali masikio ya sufuria ya aluminiamu hayashikiki kabisa.

Sasa bati. Unene wake haufiki hata nusu milimita, na tofauti ya geji hizo mbili ni kama unene wa unywele. Ubao wa sentimita 1 unazuia joto zaidi ya mara 5,000 kuliko bati hilo. Ukiongeza chuma juu ya chuma, joto halina habari.

Kinachosaidia ni dari. Bati lililopigwa na jua humwaga joto chini kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, moja kwa moja hadi kichwani kwako. Dari ya jipsamu au ya mbao hulikatiza, na hewa iliyo katikati huzuia joto bila kukugharimu kitu, mradi umeacha matundu ya kutolea ile iliyopata moto. Bati jeupe nalo hurudisha jua kuliko jekundu au la kijani, ingawa wengi wetu tunachagua rangi kwa kumwangalia jirani. Makuti ya wazee yalikuwa na ubaridi kwa sababu yamejaa hewa iliyonaswa. Tatizo lake ni moto na mchwa.

Hewa hiyo ikibadilishwa na maji, kinga inakwisha. Maji yana kipimo cha 0.6, zaidi ya mara 20 ya hewa. Pamba ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo za kuzuia joto, iliyotandazwa juu ya dari, ikiloweshwa na bati linalovuja wakati wa masika, haikusaidii tena mpaka ikauke. Ziba matundu ya misumari kabla ya Machi. Jikoni ni vivyo hivyo: ukiepua sufuria ya ugali kwa kitambaa kilicholowa, joto linafika vidoleni kabla hujaitua. Tumia kikavu, tena ukikunje mara mbili.