Fyuzi ikikatika ukiteremka mlima: kutafuta shoti kwenye Land Rover Series III

Juzi niliifungua boksi ya fyuzi ya Land Rover 109 nikakuta karatasi ya sigara, ile inayong'aa kama fedha, imeviringishwa mahali pa fyuzi. Mwenye gari, mzee anayeitumia kupandia shambani, alinieleza kwamba fyuzi zilikuwa zinaungua kila baada ya siku mbili tatu, ndipo fundi mmoja akamwekea hiyo asisumbuke tena. Nilichomoa waya wa hasi wa betri hapo hapo.

Hasi ya betri ya gari hili imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo kila chuma ni njia ya umeme kurudi nyumbani. Waya ukichubuka ukagusa chuma kabla umeme haujafika kwenye balbu, hakuna cha kuuzuia: hiyo ndiyo shoti. Fyuzi inakatika ili waya usiyeyuke. Ukiweka karatasi ya sigara, waya ndio unakuwa fyuzi, na kwenye Series waya zimefungwa pamoja kwa tepu toka mwanzo hadi mwisho. Mmoja ukiwaka unaondoka na majirani zake.

Sikugusa chochote kingine kabla ya kumuuliza.

"Mzee, huwa inakatika wakati gani? Ukiwasha swichi, au ukiwa unatembea?"

"Mwanangu, mara nyingi ni nikiteremka mlima."

Jibu hilo liliniokolea nusu siku. Anayeteremka mlima anakanyaga breki. Fyuzi ya waya za kijani kwenye Series III inalisha vitu vingi, kuanzia waipa na geji hadi indiketa na taa za breki. Kama shoti ingekuwa kwenye waya za geji, fyuzi ingekufa mara tu ufunguo unapozungushwa. Shoti inayosubiri mguu iko baada ya swichi ya breki, yaani kwenye waya wa kijani wenye mstari wa zambarau unaokwenda nyuma.

Rangi hizi ni za Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Uingereza, na inafaa uzijue kwa kichwa. Kahawia ina umeme muda wote na haina fyuzi. Nyeupe inapata umeme ufunguo ukiwashwa. Kijani ni nyeupe iliyokwisha kupita kwenye fyuzi, na nyeusi ni hasi. Vumbi na jua vikishazifuta rangi, fungua tepu kidogo sehemu ambayo haijawahi kuguswa. Chini yake utaikuta rangi ya kiwandani.

Kifaa changu kikuu cha kutafutia shoti ni balbu ya indiketa ya wati 21 yenye soketi na waya mbili. Naichomeka mahali pa fyuzi. Balbu hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 2 hivi kupita, kwa hiyo waya wenye shoti hauungui hata nikichunguza kutwa nzima. Kukiwa na shoti, balbu inang'aa kikamilifu. Shoti ikiondoka, inazimika au inabaki na wekundu hafifu kwa ajili ya geji.

Mafundi vijana wengi hunaswa hapa. Kabla ya kukanyaga breki, toa balbu za breki zote mbili. Ukiziacha, balbu yako ya kupimia itang'aa hata kama waya ni mzima, kwa sababu umeme unapitia kwenye balbu za nyuma. Mita nayo inadanganya kwa namna hiyo hiyo: balbu ya wati 21 ikiwa baridi ina ukinzani wa chini ya omu 1, mita inapiga kelele ukadhani umeshaipata shoti.

Nilitoa balbu za breki, nikachomeka ya kupimia, nikarudisha hasi, nikawasha ufunguo, nikamwomba mzee akanyage breki. Balbu yangu ikawaka. Nikachomoa kiungio cha waya wa breki pale waya za mbele zinapoungana na zile za nyuma: ikazimika. Nikakirudisha, nikaenda nyuma nikachomoa viungio vya taa zenyewe pamoja na soketi ya trela: ikaendelea kuwaka. Basi shoti iko katikati, na katikati kwenye gari hili maana yake ni ndani ya chesisi, kwa sababu waya za nyuma zinapita ndani ya chuma. Nikalishika fungu la waya pale linapotokeza nyuma nikalitikisa. Balbu ikawa inapepesa. Raba ya kwenye tundu ilikuwa imekwisha, na ukingo wa chuma ulikuwa umeikata tepu, ukakata na waya.

Sipendi kuunga waya kama huo kwa tepu na kuurudisha ndani. Nilifunga kamba imara upande mmoja, nikavuta fungu lote nje, na kamba ikabaki ndani ya chesisi kwa ajili ya kuvutia fungu jipya. Ukisahau kamba, utahangaika saa nzima na waya mgumu ukitafuta upande wa pili. Niliingiza fungu jipya likiwa ndani ya mpira wa kinga, nikaweka raba mpya kwenye matundu yote mawili.

Kuhusu fyuzi ya kurudishia: zile za kioo za Lucas zina kikaratasi ndani kilichoandikwa 35. Hicho ni kiwango cha kukatikia. Kiwango chake cha kubeba muda wote ni ampea 17. Fyuzi za kisasa huandikwa kiwango cha kubeba. Ukinunua ya kisasa ya 35 umeweka kinga iliyolegea mara mbili.

Taa kubwa za gari hili hazina fyuzi kabisa kutoka kiwandani, wala waya za kahawia. Shoti ikitokea huko hakuna kitakachokatika, ndiyo maana nimemfungia mzee swichi kubwa ya kukatia betri, chini ya kiti, mahali mkono wake unafika bila kutafuta.

Kabla ya kuweka fyuzi nilirudisha balbu ya kupimia mara ya mwisho, balbu za breki zikiwa bado nje. Mzee akakanyaga breki huku mimi nikiitikisa chesisi na kuvuta waya kila upande. Haikuwaka.