Je, wajua plasta ya silikoni hulainishaje kovu ilhali haina dawa ndani yake?

Plasta ya silikoni ya makovu ni kipande laini kinachonata upande mmoja, na ukikibandua hakivuti vinyweleo. Mwaka 1983 madaktari nchini Australia walieleza jinsi ilivyolainisha makovu ya kuungua, na tangu hapo imeenea duniani.

Wengi hudhani silikoni huingia ndani ya ngozi na kuyeyusha kovu. Si kweli: plasta hii haina kiambato chochote kinachoshambulia kovu. Wengine hudhani hulikandamiza hadi likae bapa. Hilo nalo si kweli, maana plasta hukaa juu ya ngozi kwa kunata tu. Tena ipo jeli ya silikoni ya kupaka, inayokauka na kuwa utando mwembamba usioweza kukandamiza kitu, na hutumika kwa kazi hiyohiyo. Hata majaribio machache ya plasta za jeli zisizo na silikoni yalipata matokeo yanayokaribiana. Kwa hiyo siri haimo kwenye silikoni yenyewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba siri ni maji.

Ngozi nzima imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, lenye unene wa kama mikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili, linalozuia maji ya mwili yasitoroke. Kidonda kikishafunga, tabaka hilo hubaki dhaifu kwa miezi mingi na maji hupotea kama mvuke. Seli hai zilizo chini yake zinapokauka hupeleka ishara za kemikali kwa seli zinazotengeneza kolajeni, yaani protini inayojenga ngozi na kovu. Ni kama mlinzi aliye juu ya paa: akiona ufa hupiga kengele, na mafundi walio chini huongeza matofali. Lakini ufa uko juu, matofali yanajengwa chini. Kengele haikomi na rundo linakua. Rundo hilo ndilo kovu lililoinuka, gumu, linalowasha. Plasta huziba ufa, mlinzi ananyamaza, mafundi wanapunguza kasi.

Mbona basi nailoni haitoshi? Kifuniko kinachobana kabisa hurudisha kila tone sufuriani. Chini ya nailoni ngozi hulowa, hukunjamana kama vidole vilivyokaa majini, kisha huchubuka. Silikoni huacha mvuke kiasi upite, takriban nusu ya ule unaotoka kwenye ngozi isiyo na jeraha. Kipimo hicho ndicho uzuri wake wote.

Tahadhari moja: tafiti nyingi zilikuwa ndogo na baadhi ziliendeshwa vibaya, na mapitio ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, yameona ushahidi kuwa dhaifu. Matumaini ni makubwa zaidi kwa kovu lililoinuka ndani ya mipaka ya kidonda kuliko kwa keloidi, inayovuka mipaka hiyo.

Anza baada ya kidonda kufunga kabisa na nyuzi kutolewa, mara nyingi wiki 2 hivi. Kata kipande kinachozidi kovu kwa sentimita 1 kila upande. Siku ya kwanza kivae kwa muda wa saa 4, kisha ongeza taratibu hadi saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 2 au 3 angalau. Kila siku osha ngozi na plasta kwa sabuni isiyo kali, na uache vyote vikauke vyenyewe. Taulo huacha nyuzinyuzi zinazoua mnato. Vikitokea vipele, chanzo cha kawaida ni jasho lililonaswa au plasta isiyooshwa. Pumzisha ngozi mpaka vipone, kisha anza tena kwa saa chache.

Silikoni hubeba dawa pia, ila katika bidhaa nyingine. Mwaka 1964 watafiti Folkman na Long wa Marekani walionyesha kuwa mpira wa silikoni huachia dawa polepole: molekuli ndogo zinazopenda mafuta hupenya katikati ya minyororo yake. Njia hiyo ndiyo iliyoiwezesha Norplant, vijiti 6 vya silikoni vilivyowekwa chini ya ngozi ya mkono, kuzuia mimba kwa miaka 5.

Usipake krimu chini ya plasta ya kovu bila ushauri wa daktari. Mafuta yake huondoa mnato, na ngozi iliyofunikwa ikawa na unyevu hufyonza dawa zaidi. Krimu ya steroidi ikifyonzwa kupita kiasi huifanya ngozi kuwa nyembamba.