Jeli inayokunywa maji: maswali kutoka kliniki ya watoto, Dodoma

Nepi ya mwanangu ilipasuka usiku. Asubuhi nikamkuta na vitu kama barafu iliyosagwa mapajani. Ni sumu?

Hapana, mama, ngozi yake haitadhurika. Ndani ya nepi, na pedi nyingi pia, mna unga mweupe unaoitwa poliakrileti ya sodiamu. Ukiwa mkavu utadhani ni chumvi. Ukikutana na maji safi hunywa mara mamia ya uzito wake na kuwa jeli, ndiyo hiyo uliyoiona. Kwa mkojo hunywa kidogo kuliko hapo, kwa sababu mkojo una chumvi. Mwoshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe. Ila nepi usiitupe chooni: haiozi, itavimba na kukujazia shimo.

Inayashikaje maji yasivuje?

Fikiria mlenda. Ute wake ni minyororo mirefu iliyokumbatia maji, ndiyo maana tonge linavutika. Minyororo ya jeli ya nepi imefungamanishwa kama wavu, hivyo huvimba bila kuyeyuka.

Hospitalini jeli inatumika wapi?

Mjamzito akipimwa ultrasaundi hupakwa jeli ya baridi tumboni, kuondoa hewa inayozuia mawimbi ya sauti. Lenzi laini za macho nazo ni jeli. Mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza nyumbani kwake mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunda kwa vifaa vya kuchezea vya watoto. Ukizivaa, usizisuuze kwa maji ya bomba wala mate, maana vijidudu hung'ang'ania humo.

Kuna pia jeli ya kufunikia vidonda vikavu na majeraha ya moto. Lakini mtu akiungua, maji kwanza, dakika 20. Bomba likiwa kavu, chota kwenye ndoo umwagie polepole. Dawa ya meno hapana!

Mwanangu wa miaka 2 amemeza kishanga cha rangi, vile vinavyowekwa kwenye maji vikakua. Jirani anasema kitatoka chenyewe.

Usisubiri, tafadhali. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kishanga kinaingia kikiwa kama punje ya mtama, kinakunywa maji ya tumboni saa baada ya saa, kisha kinaweza kuziba utumbo. Mtoto hutapika, tumbo hujaa, hukataa kula, hulia akishikwa tumbo. Mpeleke hospitali yenye wapasuaji hata kama bado anacheza, na uchukue pakiti au vishanga vilivyobaki, maana picha ya eksirei mara nyingi haivionyeshi. Ultrasaundi huweza kuviona. Usimtapishe.

Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, vitu hivi visiwepo kabisa. Kikiingia sikioni au puani, usidondoshee maji wala dawa ya matone. Mwahishe kingali kidogo.