Je, wajua kwa nini hekalu la Kibuddha huanza kukukagua miguuni?

Wat Pho, hekalu maarufu lililo jirani na kasri la kifalme jijini Bangkok, lina sanamu ya Buddha aliyelala ubavu yenye urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15. Ni ya mwaka 1832, nayo imepakwa dhahabu mwili mzima. Wageni huipita taratibu, kamera mkononi, kuanzia kichwani hadi miguuni, na wakifika miguuni ndipo foleni inapokwama. Nyayo za sanamu hiyo zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, zikagawanywa vyumba 108, na kila chumba kina alama yake ya baraka: maua, tembo, simbamarara, vyombo vya ibada. Hakuna sehemu ya sanamu iliyotiwa nakshi kwa uangalifu kiasi hicho.

Sasa jaribu wewe kuketi hapo chini na kumnyooshea Buddha nyayo zako. Utaombwa uzikunje, na huenda ombi lenyewe likaja kwa sauti kali kidogo. Kwa nini nyayo zake ziabudiwe na zako zifichwe?

Tuanze na zako. Nchini Thailand, na kwa majirani zake wa Laos, Kambodia na Myanmar, mwili wa binadamu una ngazi. Kichwa ndiyo sehemu tukufu, miguu ndiyo ya chini kabisa, na huo si utaratibu wa hekaluni peke yake. Hata nyumbani humgusi mtu mzima kichwani, humruki aliyeketi, wala hunyooshi mguu kuonyesha kitu kilichoanguka sakafuni. Mtu aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa haraka, maana kwetu nako ukimruka mtu aliyekaa chini utaambiwa huna adabu. Tofauti ni kwamba wao wameichukua adabu hiyo wakaipeleka mbali zaidi. Ukimwelekezea mzee, mtawa au sanamu ya Buddha unyayo, umemweka chini ya sehemu yako iliyo duni kuliko zote.

Ndiyo maana namna ya kukaa hekaluni ni moja tu kwa mgeni asiyetaka makosa: kunja miguu yote miwili kando, nyayo zitazame nyuma, kama bibi anavyokaa mkekani akichambua mchele. Kwa waliozoea viti, dakika kumi za mkao huo ni adhabu. Ruhusa ya kubadilisha upande ipo, almuradi miguu izunguke kwa nyuma. Na mlangoni kizingiti kinarukwa, hakikanyagwi.

Mwislamu aliyezoea kuvua viatu msikitini anaweza kudhani hapa hana jipya la kujifunza. Lakini sababu ni mbili tofauti. Msikitini hoja ni twahara, mahali pa kusujudu pasifikwe na najisi, kwa hiyo soksi safi hazina neno. Kwenye pagoda za Myanmar, yaani minara mitakatifu ya Kibuddha, soksi nazo huvuliwa, hata zikiwa zimetoka dukani asubuhi ile, kwa sababu hoja si uchafu. Hoja ni kujishusha. (Ingawa mzee wa Kiswahili anayekukemea kwa kunyoosha miguu upande wa kibla amekaribia sana mawazo ya Mthailandi.)

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko mahekalu. Katika kanuni za watawa wa Kibuddha, ambazo asili yake ni India ya kale, imo inayomkataza mtawa kumfundisha dini mtu aliyevaa viatu, isipokuwa mtu huyo awe mgonjwa. Ipo nyingine kama hiyo juu ya aliyefunika kichwa, na ndiyo sababu Sri Lanka utaambiwa uvue na kofia. Hata hivyo usidhani Wabuddha wote wanafanana. Katika mahekalu mengi ya China watu huingia na viatu vyao, wakafukiza udi na kutoka. Japani viatu huvuliwa pale penye sakafu ya mbao au mikeka, kama majumbani mwao.

Mahali ambapo viatu viliwahi kuwa siasa kamili ni Burma, ambayo leo ni Myanmar. Waingereza waliiteka nchi hiyo kwa vita vitatu, kuanzia 1824 hadi 1885. Wajumbe wao walipokuwa wakienda kumwona mfalme wa Burma katika mji wake mkuu wa Mandalay walitakiwa kuvua viatu na kuketi chini. Katikati ya miaka ya 1870 serikali ya Kiingereza iliyokuwa India ikaamua kuwa mjumbe wake hatavua tena. Mfalme Mindon naye hakukubali kumpokea mtu mwenye viatu. Mazungumzo ya ana kwa ana yakakatika, na miaka kumi baadaye utawala wa kifalme ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo viatu vikahamia kwenye pagoda. Shwedagon ya mjini Yangon, mnara wa dhahabu wenye kimo cha karibu mita 100, ulikuwa na kikosi cha jeshi la Uingereza uwanjani mwake hadi 1929. Mburma alipanda pekupeku, Mzungu alipanda na buti. Mwaka 1901 mtawa aliyeitwa U Dhammaloka alimkabili pale askari polisi mmoja Mhindi aliyekuwa na viatu, na tukio hilo likazua gumzo kubwa. Mtawa huyo mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ireland, mfanyakazi wa kuhamahama aliyenyoa nywele na kuvaa joho la kitawa. Kufikia miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vyama vya vijana wa Kibuddha vilikuwa vimelifanya suala la viatu kuwa ajenda yao ya kwanza. Ilikuwa hesabu ya akili: kudai uhuru wa nchi kungeitwa uasi, lakini kudai mgeni avue viatu hekaluni, nani angekuita mwasi?

Mambo yakachacha Oktoba 1919. Kwenye pagoda ya Eindawya, Mandalay, watawa waliwavamia Wazungu waliokuwa wamekataa kuvua viatu. Watawa wanne wakatiwa hatiani, na kiongozi wao, U Kettaya, akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini serikali ilikuwa imesoma alama za nyakati. Mwaka huohuo ikakubali kwamba wakuu wa kila pagoda ndio wenye kuamua mgeni aingie vipi. Kwa hiyo mtalii anayeambiwa leo avue hadi soksi, akanung'unika, ananung'unikia sheria ambayo watu walifungwa kwa ajili yake.

Turudi kwenye nyayo za Buddha. Katika karne za mwanzo za sanaa ya Kibuddha, mafundi wa India hawakumchonga Buddha kama mtu. Walichonga kiti kitupu, mti, gurudumu, au jozi ya nyayo. Unyayo ulisema kwamba alipita hapa, na kwamba njia yake ipo ya kufuatwa. Anayeinamisha kichwa mbele ya unyayo huo anaweka sehemu yake ya juu kabisa chini ya sehemu ya chini kabisa ya mwalimu. Ukiitazama hivyo, nakshi za Wat Pho hazipingani na marufuku ya kunyoosha miguu. Zote zinafuata ngazi ileile.

Unyayo mashuhuri kuliko wote uko kileleni mwa mlima Sri Pada, Sri Lanka, mita 2,243 juu ya bahari. Wabuddha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, na Waislamu kwa karne nyingi wameuita unyayo wa Nabii Adam. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344 hivi. Anasimulia minyororo ya chuma iliyofungwa mwambani ili wapandaji wajishikilie. Wa kumi uliitwa mnyororo wa shahada, kwa sababu aliyefika hapo akatupa jicho chini alishikwa na hofu ya kuanguka, akaanza kutamka shahada. Siku hizi kuna ngazi za mawe, na msimu wa kupanda huanza mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei. Watu hupanda usiku ili wakutwe na jua kileleni. Huko juu Mwislamu, Mhindu na Mbuddha huvua viatu pamoja.

Kwa anayefikiria safari ya namna hii kwa ajili ya utulivu, niseme wazi kwamba Myanmar imo vitani tangu mapinduzi ya 2021 na siipendekezi kwa sasa. Thailand na Sri Lanka zinatosha. Nenda alfajiri, kwa sababu saa sita mchana jiwe la uwanja wa hekalu linaunguza miguu na hakuna utulivu unaopatikana kwa kurukaruka. Pale Anuradhapura, mji wa kale wa mahekalu nchini Sri Lanka, wageni wengi huvaa soksi kwa sababu hiyo na wanavumiliwa. Acha buti za kamba hotelini, vaa ndala. Funika mabega na magoti. Mwanamke asimguse mtawa wala asimkabidhi kitu mkononi, akiweke mezani. Mnara unazungukwa huku ukiwa mkono wako wa kulia. Na usipige picha ukiwa umempa Buddha mgongo, hasa Sri Lanka, ambako watalii wamewahi kufikishwa mahakamani kwa picha za utani na sanamu.

Nauli ikiwa kikwazo, Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliofika mwanzoni mwa karne ya 20, lenye uani mti wa bodhi, aina ya mti ambao Buddha alikuwa ameketi chini yake alipopata mwangaza. Viatu vinavuliwa huko vilevile.